Klarineti ya Pili

Kilichobaki ni kurasa kumi na moja.
Ya saba mchwa wameila pembeni
kama mtu aliyeonja mkate akaghairi.
Zilikuwa chini ya cherehani ya shangazi Mwanamvua,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
zimefungwa kwa kamba ya katani.

Juu pameandikwa kwa Kijerumani, nikasomewa:
Mke wa Fundi Saa,
opereta ya kuchekesha, sehemu tatu,
mwaka elfu moja mia nane sabini na sita.
Chini yake, kwa herufi za aibu:
klarineti ya pili.

Ya kwanza ndiyo iimbayo.
Ya pili huitika "naam" nyuma yake,
kisha hunyamaza, huhesabu.

Babu mzaa babu, Mwinjaka, alikuwa na miaka kumi na sita,
mwanafunzi wa shule ya serikali,
shati jeupe, miguu mitupu.
Kapewa zumari yenye vyuma, kaambiwa: puliza.
Kapuliza.
Wadachi wa Tanga walikuwa na hamu ya kwao;
mke wa daktari akawa mke wa fundi saa,
mumewe akawa karani wa forodha,
kwa kuwa hakupatikana mwingine mwenye sauti nene.

Kisa chenyewe sikijui.
Najua alichokijua yeye,
alichokiandika ukingoni kwa penseli, kwa hati ya Kiarabu:

Hapa mume anatoka.
Hapa anaingia yule mwingine, kwa dirishani.
Kimya, vipimo ishirini na vinne. Wanacheka.
Kajificha ndani ya saa kubwa.
Saa inapiga chafya. Wanacheka sana.
Wanacheka nini? Mtu kaibiwa mke.

Ukurasa wa tisa penseli imekandamizwa
hata maandishi yakatokea upande wa pili:

Leo bwana posta kajipaka masizi usoni,
kacheza mtumishi. Kila neno, "ndiyo bwana, ndiyo bwana."
Wamecheka hadi kulia.
Kimya, vipimo thelathini na viwili.
Nimevihesabu vyote.

Na mgongoni mwa ukurasa wa mwisho, shairi:

Zumari yangu ya pili, ya kwanza ina mwenyewe,
Naitika kwa adili, nikingoja niambiwe,
Hesabu yangu kamili, kimya changu kisikiwe,

kituo chake wamekimaliza mchwa.

Niliandika barua Viyena, kwenye maktaba.
Miezi minane. Kisha mama mmoja akanijibu kwa adabu:
opereta hiyo ilichezwa usiku nne tu.
Mtunzi alikuwa mwalimu wa piano, mdaiwa wa kodi ya nyumba.
Gazeti moja liliisifu kuwa nyepesi kama povu la sabuni;
jingine liliandika sentensi hiyo hiyo kwa kuitukana.
Jumba likaungua. Nakala ya safari
ikauzwa kwa kilo, kwa muuza jibini.
"Hatuna hata ukurasa mmoja.
Je, mngependa kutuuzia?"

Shangazi kavua miwani.
"Tanga, waja leo waondoka leo," kasema.
"Hii ilikuja ikabaki. Waambie ina wenyewe."

Jumamosi akaja mwalimu Hozea wa bendi ya kanisa, Chumbageni,
na klarineti iliyofungwa raba sehemu mbili.
Akapiga opereta nzima, kadiri tulivyonayo:
naam, naam, kimya,
naam, kimya kirefu,
muuza mkaa akapita na kelele zake,
mtoto wa jirani akauliza kama imeharibika,
naam.

Ukurasa wa tisa akahesabu kwa kisigino.
Shangazi akasimamisha cherehani.
Thelathini.
Thelathini na moja.
Thelathini na mbili.

Kisha sauti moja, fupi, ya chini,
ambayo ukingoni mwake
Babu hakuandika kitu.