Kikaza Mkanda

Jumberi ameteremka Kutaisi kutoka Tkibuli, theluji bado ipo juu ya paa,
na kabla hajafika langoni nimeshajua kilichomleta:
gari linalia kama nguruwe aliyebanwa na mlango.
"Mkanda," asema. "Mkanda tena, Mzevinari.
Huu ni wa tatu tangu mavuno ya zabibu."

Zima kwanza. Chomoa ufunguo, uniwekee mezani.
Vidole ninavyo tisa, na cha kumi nakijua kilikokwenda.

Nafungua boneti. Mkanda wenyewe mpya, hauna ufa,
ila umeng'aa kama makalio ya suruali ya karani:
umeteleza, haujachakaa.
Kamba hukatikia pembamba, sawa;
lakini nani aliyeikaza, na kwa mkono wa namna gani,
hilo methali imelinyamazia.

Baba amesikia. Hapana, hakusikia.
Miaka thelathini na moja ya nyundo katika kiwanda cha malori
imemwachia masikio ya mapambo.
Ameona tu mdomo wa Jumberi ukienda mbio.
Anachukua bisibisi ndefu, anaashiria: washa.
Ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anauuma kwa meno,
anafumba macho, injini inampanda taya hadi fuvuni.
"Pampu ya maji!"
kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Mimi nautazama mkono wa kikaza:
unatetema, unaruka, unarudi,
kama goti la anayesubiri majibu ya hospitali.
Ulipaswa kutulia.
Sisemi kitu. Zima.

Nachora kwa chaki sakafuni njia ya mkanda:
chini ya puli kubwa, juu ya alternata, mgongo kwa pampu.
Spana ndefu kwenye boliti, navuta kwa uzito wangu wote,
springi inagoma, inagoma, inakubali,
napenyeza pini tunduni, mkanda unalegea mikononi.

Sasa vidole. Pampu inazunguka laini, haina neno.
Alternata, safi.
Puli ya kikaza:
krr, krr,
mchanga kati ya magego,
na nikiisukuma kando, inacheza.

Namshika baba kidole cha shahada, nakiweka pale, nazungusha.
Anakaa hivyo muda mrefu.
Kisha anageuka, anatema mate kwenye theluji.

Jumberi anauliza bei. Namtajia.
Anaitukana benki, anautukana mgodi, anamtukana mkwewe.
"Kila mwaka wanatuambia tukaze mikanda," asema,
"na hakuna aliyenieleza kuwa kuna kitu cha kuikaza."

Kipya kimekaa. Boliti nimeifunga kwa kipimo, si kwa hasira.
Mkanda umefuata chaki; pini naitoa polepole
mpaka springi inaupokea mzigo.
Nazungusha injini kwa mkono, mara moja, mara ya pili.
Ndipo ufunguo.

Kimya cha injini inayofanya kazi.
Jumberi katoa kichwa dirishani, kulia, upande wa Kijapani wa gari lake,
anaisubiri kelele yake,
anakosa la kulalamikia.

Jioni nafagia chaki. Kikaza cha zamani kimo ndooni
lakini puli yake haipo.
Baba yuko karibu na jiko, amenipa mgongo.
Dole gumba lake linaenda, linaenda:
krr, krr,
na shingo kaiinamisha kidogo,
kama mtu anayesikiliza.