Mbuzi wa Ghaniya

Kitabu cha darasa la tatu, ukurasa wa arubaini na mbili,
kina picha nne: jambia, dele, chetezo, kofia ya viua.
Chini yake: *Utamaduni ni nini? Jaza.*
Halafu nukta, nukta, nukta,
kama msafara wa sisimizi wasiojua waendako.

Nikawaambia: kesho kila mtu aje na kitu cha kwao.

Wakaja.
Yaqdhani na dele lililoviringishwa taulo,
kitakoni bado lina bei ya dukani.
Muhannadi na jambia la plastiki,
la kweli baba kalifungia.
Wadha na picha ya ngamia wa ami yake
aliyeshinda mbio akazawadiwa pikapu.
Kisha madele matano mengine,
meza ikawa kama mkahawa.

Ghaniya akaja wa mwisho, kakumbatia furushi la shuka.
Akaanza kwa Kiarabu safi, cha kusimama wima:
"Mwalimu, mimi nimeleta…"
Hapo Kiarabu kikamkatikia.
Akatazama dari. Akatazama viatu.
"Mbuzi," akasema.

Darasa lote: nini?
Mimi nikacheka.
Mimi peke yangu, na kicheko kikaniumbua.
Watoto ishirini na saba wakanigeukia.

Miaka kumi na moja nafundisha hapa Al-Khudhi.
Kila asubuhi Kiswahili changu nakiacha garini
pamoja na miwani ya jua.
Nilipokuwa na umri wao nilimwamkia mwalimu shikamoo,
ulimi uliteleza tu,
wakaniita Shikamoo hadi darasa la sita.
Mama akasema: ya nyumbani yabaki nyumbani.
Yakabaki.

"Ni mbuzi kweli," nikawaambia, "ila huyu hali majani.
Ana ulimi wa chuma, na chakula chake nazi tu.
Ghaniya, tuoneshe."

Akatoa kifuu kwenye mfuko wa supamaketi.
Akakunja sketi, akakaa, miguu yote upande mmoja.
"Bibi anasema ukikaa vibaya tui linakuwa chungu."
"Kwa nini?" akauliza Yaqdhani.
"Sijui. Na yeye aliambiwa."

Kru, kru, kru.
Nazi ikadondoka juu ya sinia, nyingine sakafuni,
harufu ikapanda, ikanikuta mahali
ambapo sikuwa nimejifunga vizuri.

Ndipo Lilama akaingia na ndoo na fagio la maji.
Akaona. Ndoo akaitua.
"Chirava!" akasema, akijipiga kifua,
na kwa Kiarabu chake cha kuokoteza:
kwetu, Kerala, mama, kila siku, hii hii.
Akaketi. Vile vile, miguu upande mmoja.
Hakuna aliyemwelekeza.
Mkono ukaenda mbio hata hatukuuona,
kifuu kikabaki cheupe ndani kama kikombe kipya.

Muhannadi akanyoosha kidole.
"Sasa mwalimu, hiki ni cha kwao Ghaniya
au cha kwao Lilama?"

Nikafungua kinywa.
Ghaniya akawahi: "Ni cha Bibi.
Na anakitaka kabla ya adhuhuri, leo anapika wali."

Usiku nasahihisha madaftari.
Wengi wamenakili zile picha nne, kwa mpangilio ule ule.
Muhannadi ameandika: *bado nauliza.*
Yaqdhani: *utamaduni ni kukaa upande.*
Wadha: *ni kitu mwalimu anakijua lakini hasemi.*

Kalamu nyekundu imekauka mkononi.
Kwenye karatasi ya Ghaniya nukta zote ziko wazi,
hakuandika neno,
ila kuna chembe ya nazi imekwama katikati,
imetoa mafuta, imeacha doa,
na mahali pale, ukiinua karatasi kwenye taa,
unaona upande wa pili.