Neno la Tatu

Miaka sita pikipiki yangu ilijua maneno mawili:
kushoto, kulia.
Honi siihesabu, honi ni kelele.
Taa ya breki nayo ina lake la kusema,
lakini mpaka uwe unakwenda.

Usiku ule wa Kanaba mnyororo ulikatika,
ukungu umeshuka mzito kama obushera wa siku ya tatu.
Sista Kyarisiima, mkunga, alivua koti lake jeupe
akalipunga nyuma yetu kama mtu afukuzaye ndege mtamani.
Mimi natafuta tawi la kutandika barabarani,
na upande ule wa mlima hauna mti, una viazi tu.
Nikang'oa viazi vya watu pamoja na majani yake. Nikatandika.
Lori likayapita majani, likalipita koti,
likaupitia mkono wangu wa kulia, likaondoka na kioo.
Sista akavaa koti, akafunga vifungo vyote, ndipo akasema:
"Orikiriza, mimi nimezoea kuwapokea watu.
Kuwasindikiza si kazi yangu."

Afeku ana kibanda nyuma ya stendi ya Kabale.
Kiswahili chake cha kambini alikirithi kwa baba
pamoja na buti na namna ya kukunja uso.
Akanitolea swichi ya mkono wa kushoto
ya pikipiki iliyokufa, hakusema ilikufaje,
ina kitufe chekundu chenye pembetatu.
"Hazadi. Elfu thelathini na tano."

Akamwaga maji ya sabuni ndani ya mpira wa usukani,
ukachomoka ukilia kama ndama.
Skrubu mbili: moja ikakubali,
ya pili ikaliwa kichwa, ikatolewa kwa patasi na matusi ya Kilugbara.
Soketi ya zamani ina matundu tisa, mpya ina meno kumi na mawili.
"Ndoa hii haina mshenga," akasema, akazikata zote mbili.
Kisha akashika balbu yenye mikia miwili,
akawa anauliza waya mmoja mmoja: wewe wa nani?
Usitazame rangi, akanionya.
Rangi ni ukoo. Tazama kazi.

Jaribio la kwanza, nikibonyeza honi taa kubwa inazimika.
Tulicheka mpaka muuza chapati akaja kuona.
Jaribio la pili, indiketa zote nne ziliwaka zikaganda,
zimekodoa kama wageni wa msibani,
hazipepesi. Flasha imezoea kulisha balbu mbili,
nne zimeishinda.
Elfu nane nyingine.

Kisha: tak. Tak. Tak.

Kushoto na kulia kwa mpigo mmoja.
Anayeelekea kote kuwili haendi popote,
na hilo ndilo neno lenyewe:
siendi. Nipo hapa. Nimekwama, nipite taratibu.
Nilisimama nikilitazama kama mtoto wa darasa la kwanza.
Nyumbani ada ya shule ilipokosekana
nilimwonyesha Kembabazi kushoto,
kesho yake kulia,
nikapita kwa kasi.

Mwezi wa sita nililikuta lori la viazi pale pale Kanaba,
jiwe chini ya tairi, taa zimekufa zote.
Sikuuliza kama ndilo lile.
Nikahesabu hatua arobaini nyuma yake,
nikaegesha, nikabonyeza.
Utingo akaja kuchuchumaa karibu na ule mwanga wa rangi ya chungwa
akinyoosha viganja, eti unapasha moto.
Magari yalitokea ukungu yakapunguza mwendo,
moja moja, yakatuzunguka.
Kulipokaribia kucha betri ilichoka:
tak
tak
na ukimya. Lakini mlima ulikuwa umeshaonekana.

Nilipiga kiki mara kumi na moja.
Wakanifungia nusu gunia nyuma ya kiti.

Kembabazi akauliza viazi vimetoka wapi.
Nikakaa kwenye kigoda, sikuvua hata jaketi,
nikamwambia usiku nilikuwa wapi.
Halafu nikaanza na ile ada.