Irabu ya Kwanza

Ukitaka kuitamka a, sharti taya lishuke,
lining'inie kama mlango wa banda usiofungwa.
Wenzake wana huruma: i hupenya katikati ya meno,
u hutoka hata kwa midomo ya aliyenuna.
A haina njia ya mkato.

Mwezi wa pili, darasa la kwanza B, hapa Pasua,
watoto sabini na wawili, madawati ishirini,
niliandika ubaoni: baba.
Nikafungua kinywa.
Mbele ya sikio la kulia kitu kikalia tk, kama swichi,
na taya likagoma nusu ya njia.
Ikatoka: beba.
Sabini na wawili wakaitikia: beba!
Nikajaribu mama. Ikatoka mema.
Mema! wakapokea, kwa furaha kabisa.

Nilijua nimewapa mzigo na baraka
kwa asubuhi moja, na vyote vimekosewa.

Mama Aikaeli alikuja ofisini, kanga begani:
"Mwalimu, mtoto anamwita babake Beba.
Na yeye kweli anabeba, magunia pale sokoni,
lakini hilo si jina lake."
Nilitaka kumweleza. Maelezo yana a nyingi.
Nikachukua chaki, nikamwandikia: samahani.

Gego lisilo na kosa ndilo lililong'olewa kwanza.
Maumivu yakabaki palepale, yakinitazama.
Kisha Manka, binti yangu, tunalala chumba kimoja,
akaniambia: "Mama, usiku unasaga."
Kumbe mashine ya mzee Kimambo ikizimwa magharibi
mimi nawasha yangu.
Nasaga mkopo wa ushirika, riba na faini.
Nasaga barua ya uhamisho isiyojibiwa.
Nasaga yale yote niliyommezea mwalimu mkuu
nikidhani yameshuka tumboni.

Daktari Mwashiuya aliweka vidole mbele ya masikio yangu,
akasikiliza kwa ncha, kama anayetafuta stesheni ya redio.
"Weka vidole vyako kati ya meno, kimoja juu ya kingine."
Viwili vikaingia.
Cha tatu kikabaki nje, kama mwanafunzi aliyechelewa.
"Gegedu limeteleza," akasema. "Bawaba imechoka.
Hatukati kitu. Tutaifundisha upya."

Kitambaa cha moto dakika kumi, kila jioni.
Mtori, na ndizi laini; muwa nikawaachia wajukuu wa jirani.
Ganda la plastiki la kulalia nalo,
lililofinyangwa kwa umbo la meno yangu,
ili usiku nisage hilo, nisijisage mwenyewe.
Na somo: "Ulimi ukae pale unapoanzia n.
Midomo ikutane, meno yasikutane.
Kisha shusha taya polepole, ulimi usibanduke."

Miaka kumi na tisa nafundisha silabi,
sikuwahi kuuliza n inaishi wapi.
Nikasimama mbele ya kioo cha kabati:
na. na. na.
Kama sentensi inayoahidi jambo
na kila mara inaishia kuahidi.
Manka akapita na ndoo: "Na nini, mama?"
Sikuwa na jibu. Na.

Wiki ya tatu nililia kwa hasira.
Wiki ya saba nilipiga miayo bila kushika shavu,
nikatoka nje kumtafuta wa kumwambia.
Mlima ulikuwa umefunguka wote,
nikamwambia mbuzi.

Mwezi wa sita, kidole cha tatu kikaingia.
Mkopo bado upo. Barua haijajibiwa.
Lakini nilirudi ubaoni, nikashusha taya taratibu,
nikasema: baba.
Ilitoka nzima, pana, na mkiani mwake
ule mlio mdogo, tk, ambao daktari alisema
huenda usiondoke.

Sabini na wawili wakavuta pumzi.
Baba — tk! wakaitikia,
kila mmoja akigonga ulimi kwenye kaakaa,
kwa bidii, kana kwamba ni herufi.

Nilicheka kwa vidole vitatu.
Aikaeli peke yake, dawati la nyuma, bado: beba.
Nimemwachia hadi kesho.