Huna

Agosti, Mawaleh, saa tisa mchana.
Kiyoyozi kinakoroma kama mwenye pumu,
na shangazi Ghania yuko sakafuni, mguu kaunyoosha,
simu sikioni kama anayepiga tikiti kusikia kama limeiva.
Anatafuta miadi ya jicho lililobaki.
Simu inamsomea, sauti ya mwanamke asiyemeza mate:
Rabiti, huna. Rabiti, huna. Rabiti, huna.

Rabiti ni kiungo. Na huna, kwa Kiarabu, ni hapa.
Kwetu tuliorudi na Kiswahili chetu masandukuni,
huna ni huna.

"Nimetaka miadi, naambiwa huna.
Nimetaka daktari, huna.
Mara kumi na saba, Mundhiri, nimehesabu kwa tasbihi.
Hata anayenidai hanisimangi hivi."

Nikacheka naye. Kisha nikanyamaza,
maana tovuti ile niliijenga mimi.

Mimi, mwaka juzi, ghorofa ya nne, Ghubra.
Neno moja fupi chini ya kila picha, likae sawa.
Mwenye macho ataiona picha,
atajua hapa ni wapi.
Na lile duara la buluu linalokizingira kiungo
mtu akitembea kwa vibonye bila kipanya,
mkuu wa mradi alisema linamkera.
Nikalifuta kabla hajamaliza chai.
Hilali wa uhasibu, ambaye mkono wake haushiki kipanya
tangu ajali ya barabara ya Nizwa,
hakulalamika. Alibonyeza, akabonyeza,
asijue amesimama wapi,
kama mtu aliyezimiwa taa katikati ya ngazi.

"Na salamu zake!" shangazi hajamaliza.
Kila chumba anachoingia humo ndani
anasomewa upya: Mwanzo, Kutuhusu, Habari, Picha,
viungo arobaini kabla ya jambo lenyewe.
"Watu wa Ibra nao husalimia mpaka ukasinzia,
lakini hufika mahali wakaleta kahawa."

Nikakumbuka Ramadhani niliyompangia jiko.
Viungo vyake vilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga,
kila kopo na alama yake:
hiliki, uzi wenye fundo;
bizari, kifungo cha shati la marehemu;
pilipili manga, mpira wa nywele;
mdalasini hakuutia kitu, "huo unajitaja wenyewe."
Niliyatupa yote. Nikaleta mikebe ya kioo kumi na miwili,
imesimama kama askari wa gwaride.
Magharibi ile uji ulikuja na pilipili manga mahali pa hiliki.
Tuliunywa. Macho yalitutoka machozi, hakuna aliyesema neno
ila yeye, taratibu, akipangusa mdomo kwa ncha ya kanga:
"Umenifanyia uzuri, mwanangu. Uzuri wa macho yako."

Usiku huu nafuta huna ya kwanza.
Naandika: Weka miadi ya kliniki ya macho.
Ya pili: Badilisha siku ya miadi.
Ya tatu: Soma majibu ya vipimo vya damu.
Mstari unavunjika, unashuka, haupendezi.
Na ushuke.
Duara la buluu nimelirudisha, nene kuliko la zamani.
Kila kiungo nimekipigia mstari chini,
wapo wasiotofautisha buluu na kijivu,
na sikuwahi kuwauliza.
Mlangoni kabisa, mbele ya Mwanzo na Kutuhusu,
nimeweka kiungo kimoja: Ruka salamu, nenda kwenye jambo.
Hicho mkuu atakiuliza.
Sijui nitamjibu nini. Pengine nitampelekea uji.

Asubuhi kidole cha shangazi kinateleza juu ya kioo.
Sauti ile ile, isiyomeza mate,
inataja kliniki ya macho, kwa jina lake.
Kidole kinasimama.

"Ninayo," anasema, kama anayejibu tusi la siku nyingi.

Nafasi ya karibu ni Novemba.
Analiziba jicho kwa kiganja, analipigapiga.
Litangoja, anasema; halina pengine pa kwenda.