Ubao wa Elirehema

Noah ilikuwa ikikohoa tangu Same.
Juu ya keria, kati ya spika na kreti za soda,
ubao mrefu, umefungwa kwa kamba ya katani.
Pale Himo trafiki aliuzunguka mara mbili.
"Hiki ni kifuniko cha nini? Mmebeba maiti?"
"Ni ubao wa kupanda mawimbi, afande."
Akautazama mlima. Akatutazama sisi.
"Mawimbi," akasema, akaturudishia leseni.

Siku thelathini na moja barabarani.
Dodoma tuliwapigia watu kumi na wawili na jenereta;
jenereta ndilo lililoshangilia hadi mwisho.
Iringa uzi wa gitaa la Anaeli ulimkatikia shavuni.
Pangani tulikwama siku nne
kwa sababu mwenye ukumbi alitoroka na kiingilio,
na fundi friji mmoja, Mwinjaka,
alikuwa na mbao mbili na mchana usio na kazi.

Elirehema, besi, mtoto wa Kibosho
aliyejifunza kuogelea ndani ya pipa,
alianguka mara arobaini.
Nilihesabu. Mimi ni wa ngoma, kuhesabu ni kazi yangu.
Moja, mbili, tatu, nne, anaruka: wimbi bado.
Moja, mbili, tatu, nne: limeshapita,
naye yuko chini, mdomo umejaa mchanga.
Mwinjaka akafoka, maji yakimfika kifuani:
"We! Huku hakuna wa kukuhesabia!
Ngoja likusukume kisogo!"
Mara ya arobaini na moja akasimama.
Labda sekunde tano, magoti ya ndama,
na kicheko ambacho jukwaani sijawahi kukisikia.

Nikaona aibu kidogo.
Miaka sita nalikimbiza pigo la kwanza
kama anayefukuza kuku wa jirani.

Majengo, nyuma ya gereji ya Materu, tulijaribu.
Haikuja.
Gitaa likasema bahari, bahari, kama tangazo la hoteli.
Ndekirwa akalaza maiki sakafuni:
"Tunadanganya. Twendeni tukale."

Jumapili tukapanda Kibosho kwa shangazi yake Elirehema.
Kiangazi, vumbi mpaka kwenye migomba,
lakini watoto walikuwa wameiba maji ya mfereji kwa ndoo,
wamelowesha mteremko wa nyuma ya kanisa,
wanateleza juu ya maganda ya mgomba,
makalio mekundu, mayowe.
Elirehema akashusha ubao. Nani angemzuia?
Ukashuka naye hadi kwenye kahawa,
ukapasuka ncha,
akaibuka na tope mpaka kwenye kope.
Shangazi Ndeanasia hakucheka.
"Mikahawa miwili," akasema. "Utailipa kwa besi?"

Usiku huo ilikuwa zamu ya ukoo wao ya maji.
Ndiyo adhabu tuliyopewa: kukaa na tochi na majembe
kando ya mfereji mkavu.
Huko juu, mtu alikuwa amefungua banio.
Nikahesabu nne, kwa mazoea. Kimya.
Nne tena. Chura mmoja.
Nikaacha.
Kwanza majani makavu yakachakarika,
kisha harufu ya udongo, kisha,
nyuma kidogo ya pale unapoyategemea,
maji.
Anaeli akanishika mkono kwa nguvu, akaniumiza.
Hakuna aliyetamka neno wimbo.

Sasa upo. Pigo la kwanza silipigi,
naliacha wazi, halafu naingia.
Arusha, kwenye baa moja ya Sakina,
jamaa aliniuliza kama nimelewa.
Mwenzake alikuwa ameshafumba macho,
kidevu kinamngojea.

Ubao haukurudi Pangani.
Shangazi ameulaza juu ya mfereji, ncha mbovu upande wa zizi.
Asubuhi anauvuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani,
na katikati, pale unapobonyea,
anasimama,
anauacha utulie,
ndipo anapiga hatua.