Nyumba Mbili, Sahihi Tano

Mpima ardhi wa kadastre alikuja Jumanne
na futi ya chuma inayojikunja yenyewe,
akauliza mpaka uko wapi.
Nikamwambia: chimba.
Mita mbili na ushee chini ya kisigino chako
kuna mti wa avoka alioupanda mama,
kuna kizingiti, kuna sufuria ya maharagwe
yaliyokuwa hayajaiva siku ile moto ulipoteremkia Majengo.
Akacheka. Akaandika: mpaka haujulikani.

Baba hakuhama. Mawe yalipopoa,
ingawa mvua ikinyesha bado yalifuka kama chai,
alirudi na kamba na vigingi vinne,
akakadiria kwa mnara wa kanisa na kwa kumbukumbu,
akajenga juu ya paa lake mwenyewe.
Ndiyo maana nasema nyumba ni mbili.
Ya juu ina mbao, ina bati,
ina karatasi moja yenye jina la marehemu.
Ya chini haina karatasi,
na hakuna anayeigombea.

Tuko watano. Sheria inatuhesabu sawasawa,
wa kike na wa kiume, mkate mmoja, visu vitano,
lakini hakuna kisu kinachojua kugawa choo.
Kasereka, wa Butembo, anataka chake taslimu.
Kahambu anataka chumba cha mbele,
akipangishe kwa muuza vipuri vya pikipiki.
Paluku, kifungua mimba, hataki kitu, asema,
anataka tu kuombwa ruhusa.
Mimi ndimi niliyelipa kodi ya kiwanja miaka tisa,
risiti ninazo ndani ya kopo la maziwa ya unga,
na avoka (huyu wa kortini, si yule wa mama)
alizipanga mezani kama karata, akasema:
«Mama Kavugho, hizi zinaonyesha mapenzi.
Hazionyeshi umiliki.»

Neno alilotumia ni andivizio.
Nililitafuna njia nzima kutoka Birere.
Maana yake kila mmoja ana yote
na hakuna mwenye ukuta.
Nikigongomea msumari wa kutundika koti
natoboa fungu la Kasereka.
Bati likivuja
linanivujia mimi.

Kisha mnunuzi, na viatu alivyoviogopea mawe yetu.
Dola elfu arobaini na mbili.
Alihesabu vyumba, hakuuliza majina.
Hati ikachapwa, chini yake mistari mitano ya nukta.
Paluku akatia sahihi baada ya kuombwa mara tatu.
Kahambu akatia. Ya Kasereka ilifika na basi, ina muhuri.
Kalamu ikaja kwangu, ikakaa.
«Na Mbusa?» akauliza notere.

Mbusa aliondoka na begi la shule
kwenda machimboni, upande wa Walikale.
Hatujamzika. Hatujampokea.
Bila yeye hakuna mauzo,
mpaka tribinali itamke kwamba hayupo,
na kutamka huko kuna muda wake, matangazo yake, na bei yake.
Kumbe asiyekuwepo
ndiye nguzo iliyobeba bati hili.

Sasa nikuambie wewe, karatasi, usiye na fungu:
mwezi wa nne simu iliita usiku, namba ngeni,
sauti ya mtu aliyezoea kusemea shimoni.
Hakuuliza urithi. Aliuliza
kama jiko bado linanuka kiberiti mvua ikinyesha.
Nikasema linanuka.
Akasema vizuri, na salio likamwishia.

Ile namba niliiandika nyuma ya risiti ya mwaka juzi,
nikairudisha koponi.
Jumatatu nitaapishwa,
nitaulizwa kama nina habari yoyote ya ndugu yangu.
Kwa sasa nimekaa mlangoni, miguu juu ya mlango mwingine,
na jambo moja linanikera, dogo, la kijinga:
ile sufuria ya chini,
tuliiazima kwa nani?